Nani Alimwoza Avelina?

Hapo zamani, na msiniambie ni zamani mno, huko Uingereza palikuwa na binti mfalme jina lake Avelina. Umri wake miaka kumi na miwili. Baba yake, Mfalme Osberti, alikuwa amechoka kupigana na Fulko, mtawala wa ng'ambo ya bahari, mgane mwenye mvi hadi kwenye nyusi. Wakapatana: vita viishe, Avelina aolewe. Wakanywa divai. Mtoto hakuulizwa.

Lakini sheria ya kanisa ilitaka bibi harusi aseme kwa kinywa chake, "Nataka." Asiposema, hakuna ndoa. Avelina alilijua hilo, akaapa kufunga mdomo.

Ndoa za huko zilifungwa mlangoni pa kanisa, mbele ya umati. Askofu Turstani akauliza. Avelina kimya ndani ya shela. Akauliza tena. Kimya. Mfalme akamshika mwanawe kisogo, akamwinamisha mpaka kidevu kikagusa kifua. Hapo sauti ya kike ikatoka nyuma ya mtoto: "Nataka." Ilikuwa ya mama yake, Malkia Gunilda. Askofu akasema amina. Avelina alikuwa amekunja ngumi. Fulko akamkunjua kidole, akamvisha pete.

Akakaa kwa Fulko mpaka akawa mtu mzima. Akapigwa, akazaa, akazika. Siku moja akatoroka, akaenda kushtaki kwenye mahakama ya kanisa kwamba aliozwa kwa nguvu. Hakimu akawaita wote wanne.

Mfalme akasema, "Mimi niliinamisha kichwa tu. Kichwa si neno. Na vita vilikuwa vinamaliza watoto wa watu."

Askofu akasema, "Niliuliza, nikajibiwa kwa sauti ya kike. Sheria inadai neno. Hainitumi kuchungulia ndani ya shela."

Fulko akacheka. "Niliulizwa langu, nikajibu. La kwake nilikuta limeshajibiwa. Au bwana harusi naye akague midomo?"

Malkia alikuwa analia. "Mwanangu, niliuona mkono wa baba yako. Ungeendelea kunyamaza, angekuvunja shingo palepale. Mimi nilikuokoa."

"Na miaka yote hii, mama, nani aliniokoa?" Avelina akamgeukia hakimu. "Kila mmoja anasema aliyenioza ni mwenzake. Basi mimi nimeolewaje?"

Hakimu akamjibu kwamba ndoa ya nguvu lazima iwe na aliyelazimisha, na sheria inamtaka mmoja. "Mtaje, binti. Atafungwa maisha, nawe utakuwa huru. Usipomtaja, unarudi kwa mumeo leo hii."

Avelina akawatazama mmoja mmoja. Kwa mama yake, macho yakakwama.

Sasa ninyi. Najua kuna wanaojiandaa kuniambia ndivyo zama zilivyokuwa. Kaeni na zama zenu. Zama hazikumshika mtoto kisogo. Wengine mtasema mama alikuwa na mapenzi. Alikuwa nayo, na neno lililofunga ndoa lilitoka kinywani mwake. Na wale wajanja mtasema "wote", kwa sababu ukisema wote humgusi hata mmoja, unakwenda zako kula, kama ule umati wa kanisani ulivyokwenda kula karamu. Hakimu hapokei "wote". Anataka jina moja, na Avelina bado amesimama.

Je, nani alimwoza?