Posa Iliyoishia Hospitali

Wapendwa, geukeni huku. Mfano huu msiutafute kwa mhubiri mwingine, ni wangu mwenyewe, na nikiusimulia hata walevi wa pale sokoni wanaweka glasi chini.

Kulikuwa na baba mmoja, mkewe akaanza kubadilika. Usiku halali. Anazunguka uani, anajibizana na watu wasioonekana. Akamwambia mumewe, "Baba Tunu, kuna watu wananisema kichwani. Nipeleke hospitali."

Mume akajibu, "Vumilia kidogo, mama. Wanakuja kumchumbia binti yetu Tunu. Wakisikia nyumba hii ina kichaa, nani atamwoa?"

Akavumilia. Mnajua mtu asiyelala anavyovumilia? Akakonda, chakula kikamshinda. Mume ni wimbo uleule: "Posa ipite tu."

Siku ikafika. Wageni hao, suti na vitenge vipya, mshenga mbele, viatu vinang'aa. Mama kafungiwa stoo.

"Mama mwenye nyumba mbona hatumwoni?" mshenga akauliza.

"Amesafiri. Anamuuguza shangazi yake."

Kule stoo sufuria ikaanguka, ngwaa!

"Paka huyo," baba akasema, jasho linamtiririka.

Mara ikasikika sauti inaimba pambio.

Mshenga akakuna kidevu. "Mzee, paka wenu naye ameokoka?"

Mnacheka? Chekeni. Mle ndani mama alikuwa anaimba ili asizisikie sauti zinazomwambia ajiue.

Tunu hakuweza tena. Akatoka chumbani na mapambo yake yote, akafungua stoo, akamleta mama sebuleni kamshika mkono. "Huyu ndiye mama yangu. Anaumwa. Anayetaka kuondoka, mlango ule pale."

Baba wa kijana akasimama. Kila mtu akajua basi, posa imekufa. Kumbe mzee machozi yanamtoka.

"Mkwe wangu," akamwambia baba Tunu, "kaka yake bwana harusi naye anaumwa hivi hivi, tumemfungia nyumbani tangu mavuno. Tuliwaogopa ninyi."

"Mlituogopa sisi? Na sisi tuliwaogopa ninyi!"

Basi msafara ule ukapita kumchukua kaka huyo, ukaenda moja kwa moja hospitali, na vitenge vyao na suti zao. Manesi wakadhani wameletewa harusi.

Sasa sisi. Mtoto akichemka malaria tunakimbia naye, mguu huu ndala, ule kiatu. Kichwa kikiugua tunatafuta kufuli. Tunamficha nani, na kwa nani? Jirani unayemwogopa, unajua ameficha nini chumba cha uani? Msiniambie mnangoja maombi. Maombi yangu ni moto, mnayajua, lakini yanafanya kazi vizuri tu mtu akiwa njiani kwenda kwa daktari.

Yupo hapa aliyemwacha mtu wake ndani, akafunga, akaja kukaa kwenye benchi. Simtaji. Ninachojua, saa hii huyo mtu yuko peke yake na sauti zake.

Leo amina sisemi mpaka nisikie benchi limelia na mtu ametoka kwenda kufungua.