Kwa Nini Maziwa Hunong'ona Kibuyuni

Zamani sana, maziwa yaliganda kibuyuni kimya kabisa, bila hata povu. Mle ndani walikaa Wachachu, watu wadogo mno wasioonekana kwa macho, ambao kazi yao ni kugandisha maziwa. Waliitana kwa harufu. Kila mmoja aliachia yake kidogo kidogo, na harufu ilipokolea, wote walijua kwamba sasa wametosha. Hapo walitoka katika nyufa za kibuyu walimojificha, kwa mkupuo mmoja, wakashikana mikono, wakaanza kazi. Pua zao zilikuwa sawa. Alichonusa huyu, na yule alikinusa papo hapo.

Ila Limi. Yeye alizaliwa na pua nzito. Wenzake walipokuwa wamekwisha kujipanga, yeye bado alihangaika ufani, akitoka, akirudi, akiuliza, "Jamani, tayari?" Walimcheka. Mzee Masalu, mkubwa wa kibuyu, alimwambia mbele ya watu, "Mjukuu wangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ukichelewa tena utahama." Limi aliumia sana. Na angehamia wapi? Nje ya kibuyu kulikuwa na vumbi na jua kali. Tangu hapo hakutulia hata kidogo, akawa ananusa usiku na mchana.

Siku moja Nyanzobe, mwenye kibuyu, aliwamiminia wanawe mtindi, akabakiza mafunda mawili tu. Wachachu waliobaki walikuwa wachache, lakini katika mafunda mawili harufu haina pa kwenda. Ikakolea upesi. Masalu akanusa, akasema, "Tumetosha! Tokeni!" Na wote wakanusa vilevile. Hakuna aliyejiuliza maziwa yenyewe yako wapi. "Penye wengi hapaharibiki neno," walisema, wakatoka nyufani, wakajipanga wazi ukutani.

Limi hakunusa kitu. Alivuta pumzi mpaka pua ikamuuma.

"Babu, mimi bado!" alilia.

"Basi baki huko huko," Masalu akamjibu, wala hakugeuka.

Ndipo Nyanzobe alipokuja kuosha kibuyu kwa maji ya moto na changarawe. Akatia, akaziba, akatikisa, akatikisa tena. Alipomwaga, hakubaki mtu ukutani.

Limi aliita siku mbili nzima. Alikimbia huku na huko ndani ya ule ufa, akijilaumu kwamba hakwenda na wenzake. Aliona haya kuwa hai.

Siku ya tatu yakaingia maziwa mapya. Wachachu huzaa kwa kujigawa, basi Limi akajigawa, akajigawa tena. Kila mtoto alimpa pua tofauti: huyu nyepesi, huyu nzito, huyu nzito kuliko ya mama. Haukupita muda wakaanza kuzozana. "Mama, mbona hatuelewani?" walimlalamikia. Akawajibu, "Zozaneni, wanangu. Ila msife wote siku moja."

Na tangu siku hiyo, hakuna Mchachu mwenye pua kama ya mwenzake. Tega sikio kwenye kibuyu cha maziwa yanayochachuka: ule mnong'ono wa povu ni wao. Huyu asema tayari, yule asema bado. Walio wengi wakikubaliana, maziwa yanaganda, mwenye kibuyu anakunywa, kisha anaosha. Na kila kibuyu kinapooshwa, mle ufani yumo mmoja anayelia kwamba ameachwa. Hajui kwamba ukoo mzima sasa ni yeye.