Panya Waliolala Matanga Garini

Hadithi inabisha hodi.

Ifungulieni, iingie.

Ina miguu mingapi?

Minne, na mkia juu.

Basi sogeeni, muisikie.

Hapo zamani za kale, wala si za kale sana, maana magari yalikwisha kuwapo lakini wanyama walikuwa bado wanasema na watu, palikuwa na mtu jina lake Lusangija. Kazi yake ilikuwa kubeba asali. Alikuwa na lori dogo kuukuu, na nyuma ya lori alijenga chumba cha mbao chenye kitanda, rafu na dirisha moja.

Kiangazi kilipofika, Lusangija na mkewe Nyamizi waliingia porini. Walikwenda kambi hadi kambi za warina asali, wakilala katika chumba kile miezi mitano. Mvua zilipoanza, njia zilikatika. Hapo walirudi nyumbani, wakaliingiza gari bandani, likalala mpaka kiangazi kingine.

Siku ya kulilaza gari, Lusangija alizima injini, akatoa betri, akampa Nyamizi ufunguo, akaenda kwa jirani kucheza bao. Jioni alirudi, akarudishiwa ufunguo wake. Miaka kumi na tisa ilipita hivyo. Gari lililala, likaamka, likaenda. Lusangija aliwaambia watu kwamba lile ni gari zuri.

Mwaka wa ishirini, kiangazi kikiisha, Nyamizi akashikwa na homa kambini. Siku nne walikuwa njiani. Siku ya tano walifika nyumbani, na siku hiyo hiyo akafa.

Wakamzika. Gari likaingia bandani kama lilivyokuwa: mfuko wa karanga juu ya rafu, unga wa muhogo ndani ya kibuyu, godoro la sufi kitandani, na kanga ya Nyamizi imekunjwa mara nne juu ya mto.

Kabula, mdogo wa Nyamizi, alikuja kwa shemeji yake. Akamwomba waondoe vile vitu, walau karanga na unga. Lusangija akakataa.

"Mkono wake ndio uliovipanga, shemeji," alisema. "Hakuna mkono mwingine utakaovipangua."

Kabula akarudi kwake. Tangu siku ile Lusangija alikuwa na haja moja tu duniani: chumba kile kibaki kama Nyamizi alivyokiacha. Kila asubuhi alikwenda bandani, akafungua mlango, akatazama, akafunga.

Sasa, katika nchi ile palikuwa na desturi, nanyi mnaijua. Aliyekuja msibani hafukuzwi. Awe adui, awe mlafi, akisema amekuja kulala matanga, hutandikiwa mkeka.

Panya naye alikuwa anaijua.

Siku ya kwanza ya mvua kubwa, Panya alikuja bandani. Alikuwa amelowa, matope yamemganda mkiani. Akasimama mbele ya Lusangija, akasema:

"Pole, mfiwa, pole.
Nimetoka mbali, nimekuja kulia.
Wa msibani hafukuzwi."

Akaomba mahali padogo tu pa kujilaza, sakafuni, pembeni. Akasema Nyamizi alikuwa mwanamke mwema, na mikono yake ilikuwa safi. Wakati huo watu walikuwa wamekwisha kurudi mashambani kwao. Lusangija alikuwa hajasikia jina la mkewe likitajwa kwa siku kumi. Akafungua mlango, Panya akaingia.

Mvua ikanyesha. Panya akaja mara ya pili.

"Pole, mfiwa, pole.
Nimetoka mbali, nimekuja kulia.
Wa msibani hafukuzwi."

Safari hii hakuja peke yake. Nyuma yake alisimama mkewe, na bibi yake, na shangazi zake watatu, na wakwe, na watoto wasiohesabika. Akaeleza kwamba msiba si wa mtu mmoja. Akaeleza pia kwamba wageni wametoka mbali na matumbo yao ni matupu. Lusangija akasitasita. Akasema karanga zile aliziweka marehemu mwenyewe.

"Baba, sisi hatuli kwa njaa, tunakula kwa ajili yake," Panya akasema kwa upole. "Mfiwa asiyelisha wageni wake, majirani watasema hakumpenda mwenzake."

Neno lile lilimchoma Lusangija. Akawaambia wale karanga, wale na unga, ila wasiiguse kanga. Panya akaapa kwa kaburi la babu yake, na babu yake hakuwa na kaburi, maana aliliwa na bundi.

Mvua ikanyesha. Panya akaja mara ya tatu.

"Pole, mfiwa, pole.
Nimetoka mbali, nimekuja kulia.
Wa msibani hafukuzwi."

Akasema ana ombi dogo. Kila asubuhi mlango unafunguliwa na wao wako katikati ya kilio, na mtu mzima akilia hapendi kutazamwa. Je, mfiwa hawezi kuwaachia faragha? Lusangija akaona ni haki. Akafunga mlango, mvua zote hakuufungua tena.

Kutoka siku ile alikaa nje ya banda, juu ya tofali, akisikiliza. Ndani ya gari kulikuwa na sauti ndogo isiyokatika: kekere, kekere, kekere. Alidhani ni kilio. Aliwaza kwamba duniani pamebaki walau hawa wanaomlilia Nyamizi, akapata faraja. Akawa anakuja asubuhi na alasiri.

Mvua zikapungua, zikakoma. Warina asali wakatuma habari kwamba njia zimekauka. Lusangija akachukua betri, akaenda bandani, akainua boneti.

Chujio la hewa lilikuwa limejaa nyasi na sufi. Nyaya zilikuwa zimetafunwa mpaka shaba inang'aa. Akaenda nyuma, akafungua mlango wa chumba. Harufu ya mikojo ilimpiga usoni. Karanga zilikuwa maganda. Kibuyu kilikuwa kimetobolewa, unga umekwisha. Godoro lilikuwa ngozi tupu isiyo na kitu ndani. Na kanga, ile iliyokunjwa mara nne, ilikuwa imechanwa nyuzi nyuzi na kufanywa kitanda. Juu yake walilala watoto wa panya kumi na mmoja, wekundu, hawajafumbua macho.

 Lusangija akamwambia Panya aondoke.

Panya akajibu kwamba wa msibani hafukuzwi. Hilo lilikuwa kweli, na Lusangija alilijua.

Akaenda kumwita Paka. Paka alikuja akitembea kwa madaha, akaingia chumbani. Panya wote wakasimama, wakampa pole. Paka alikuwa mtu wa adabu; hakuweza kumwaga damu mahali pa msiba. Akapewa nafasi kitandani, akajikunja, akalala. Sasa wageni wakazidi mmoja.

Lusangija akaenda dukani, akanunua vidonge vya dawa ya nondo, vile vyeupe vyenye harufu kali, akavitawanya chini ya viti na ndani ya injini. Kesho yake alivikuta vyote nje ya banda, vimepangwa mstari. Watoto wa panya walikuwa wamevisukuma kwa miguu, wakacheza navyo.

Siku ya tatu akaja Nguchiro.

Nguchiro aliishi katika kichuguu nyuma ya banda. Ukoo wake na ukoo wa Lusangija walikuwa watani tangu enzi za mababu. Wakati wa mazishi alikuwa ng'ambo ya mto, mvua zikamzuia kurudi. Nanyi mnamjua mtani msibani: ana ruhusa ambayo ndugu hana. Watu wakilia, yeye hucheka. Humwiga marehemu mwendo na sauti, na lile ambalo wote wanaliona na hakuna anayethubutu kulisema, yeye hulisema.

"Lusangija," alisema, "nasikia unafuga waombolezaji. Wenzako wanafuga kuku. Kuku hutaga."

Lusangija akamwambia hana nguvu ya mzaha.

"Hata mimi sina nguvu ya kulia, mbona unanilazimisha? Kaa chini, mzigo wewe, utazame."

Akaingia chumbani, akatoka na kipande cha ile kanga, akajifunga kiunoni. Akaanza kutembea. Bega moja lilikuwa chini kidogo kuliko lingine. Lusangija akashtuka, kwa sababu huo ulikuwa mwendo wa Nyamizi.

Nguchiro akaigiza kupokea ufunguo, akaigiza kumsindikiza mtu kwa macho hadi kwa jirani, akatikisa kichwa. Kisha akaigiza kutoa vitu, kimoja kimoja: karanga, unga, mkeka, godoro. Akavipeleka nyumbani. Akarudi na kupangusa rafu. Akapitisha kidole katika kila ufa wa sakafu, akiokota chembe. Akaosha kwa sabuni, ubao kwa ubao.

Akalala chali, akaingia chini ya gari. Kila penye tundu alitia kidole. Kidole kilipoingia alijisemea, kwa sauti ile ile ya Nyamizi, nyembamba na isiyo na haraka, kwamba pakipita kidole hapo atapita panya. Akaigiza kuziba kwa zile nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, akishindilia kwa kijiti. Bomba la moshi alilifunika kwa kopo. Boneti aliiinua, akaiacha wazi, kwa kuwa panya hajengi penye mwanga. Akafyeka majani kuzunguka banda lote. Na kila siku ya tatu, mvua zote, alirudi kuchungulia. Siku hizo Lusangija alidhani mkewe amekwenda kuokota kuni.

Mwisho Nguchiro alisimama mbele yake, akanyoosha mkono mtupu.

"Ufunguo wako huu, mwenzangu," akasema. "Kazi ilikuwa ndogo tu."

Lusangija alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akalia. Tangu mazishi alikuwa hajalia.

Nguchiro alifungua kanga kiunoni, akangoja.

Alipotulia, Lusangija akamwomba Nguchiro aingie awale wale panya. Nguchiro akakataa. Alisema hata yeye ana mila; wa msibani hafukuzwi, sembuse kuliwa.

"Lakini matanga yana siku ya kuanuliwa," alisema. "Haya yenu yameanuliwa lini?"

"Hayajaanuliwa," akakiri Lusangija.

"Na anayeanua ni nani?"

"Mfiwa," alisema Lusangija.

Nguchiro akaenda zake kichuguuni.

Siku ile Lusangija hakula. Alijua maana yake. Matanga yakianuliwa, watu hurudi makwao, mkeka hukunjwa, vitu vya marehemu hugawanywa. Hakuna kitakachobaki mahali alipokiweka Nyamizi. Hata hivyo alikwisha kukiona kile chumba, na hapakuwa na kitu kilichobaki mahali pake.

Asubuhi alimwita Kabula. Wakasimama mbele ya banda, yeye, Kabula na Nguchiro. Lusangija akafungua mlango wa chumba mpaka mwisho.

"Mliokuja kumlilia Nyamizi, asanteni," alisema. "Leo nimeanua matanga. Kila mtu arudi kwake."

Panya akatokeza kichwa. "Pole, mfiwa, pole," alianza. "Wa msibani hafukuzwi."

"Hapa hapana msiba tena, Panya. Uliobaki ni wangu, na huo hauna wageni."

Bibi wa Panya alikuwa mzee wa mila. Akasema matanga yakianuliwa yameanuliwa. Akatangulia, na wengine wakafuata, wakiwabeba watoto mdomoni. Paka naye aliamka, akajinyoosha, akatoka kana kwamba alikuwa na safari siku zote. Panya peke yake alirudi nyuma. Alikumbuka kwamba alikuwa ameficha karanga ndani ya chujio la hewa, na akaona si vizuri kuziacha.

Mwombolezaji wa mwisho alipovuka kizingiti cha banda, Nguchiro akauliza kwa sauti ni nani aliyebaki humo ndani. Hapakuwa na jibu. Akauliza mara ya pili. Akauliza mara ya tatu.

"Basi si mgeni wa mtu," akasema. Akaingia chini ya boneti, akatoka akipangusa sharubu.

Lusangija na Kabula waliosha gari siku mbili. Vipande vya kanga Kabula alivifua, akavianika, vikawa vitambaa vya kufutia vioo. Fundi alibadilisha nyaya. Safari ya asali ilichelewa wiki tatu, na warina wakanung'unika, kisha wakaacha.

Kiangazi kikapita. Mawingu yalipokusanyika, Lusangija akaliingiza gari bandani. Jirani akamwita kwenye bao, akajibu kwamba leo ana kazi. Akatoa vitu vyote. Akapitisha kidole katika nyufa. Akaosha, akalala chali, akaziba matundu, akainua boneti, akafyeka majani. Kazi haikuwa ndogo. Ilichukua siku nzima, na mgongo ulimuuma.

Ukoo wa Panya ukaja na mvua ya kwanza. Wakalizunguka gari mara moja, mara mbili, mara tatu. Hawakuona chembe, hawakuona tundu, hawakuona giza. Wakaondoka kwenda kwa yule jirani wa bao.

Siku ya tatu Lusangija akaenda kuchungulia. Akafungua mlango wa chumba. Palikuwa na rafu tupu, kitanda kitupu, na mbao kavu zenye harufu ya sabuni. Akasimama mlangoni, ndipo akafahamu. Miaka kumi na tisa, kila mvua zilipoanza, hivi ndivyo Nyamizi alivyokiacha chumba hiki.

Wasikilizaji, mafundisho ni haya. Anayetaka kitu chake kidumu, atoe chakula kilichomo kabla hajakifunga, na aingie chini yake mwenyewe kutafuta matundu. Na huzuni ni haki ya mfiwa, hakuna wa kumnyang'anya. Lakini matanga yasiyoanuliwa hulisha panya.

Hadithi imezima injini hapa. Kila abiria ashuke na mzigo wake, asisahau kitu ndani.