Bi Siwatu na Mtoto Mwenye Ndevu

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nyumba.

Wakakaa watu.

Palikuwa na mtu.

Akakosa nyumba.

Basi sogeeni, jamaa zangu, niwasimulie habari za Bi Siwatu.

Hapo zamani za kale, gereza la mfalme lilikuwa ng'ambo ya mto, mwendo wa siku tatu. Siku moja mlango wake ukalia: kwaaa! Akatoka Feruzi. Miaka mitano alikuwa ndani, maana mwaka wa njaa alivunja ghala la Bwana Kitwana akaiba mtama. Kifungo chake kikaisha. Akaambiwa, "Haya, nenda kwenu."

Akatembea. Ti, ti, ti. Akalala, akaamka, akatembea. Ti, ti, ti. Siku ya tatu akaingia mjini kwao, akaenda moja kwa moja kwa mama yake.

Hakumkuta mama, alikwisha kufa. Hakuikuta nyumba. Hata kiwanja hakukikuta. Mto ulikuwa umekila. Pale alipolelewa maji yalikuwa yakipita, shwaa, shwaa, kana kwamba hapakuwahi kukaa mtu.

Akaenda nyumba ya kwanza. "Hodi!" "Nani?" "Feruzi." Kimya. Nyumba ya pili. "Hodi!" "Nani?" "Feruzi." Kimya. Nyumba ya tatu walimwona kwa mbali, wakatia komeo.

Akawa analala sokoni, katika banda la wauza vyungu. Asubuhi wenye banda wakifika, walimfagia pamoja na takataka. Siku moja, siku mbili, siku tano. Na mawingu ya masika yakaanza kukusanyika.

Siku ya sita Feruzi akasimama mbele ya mbuzi aliyefungwa kigingini. Akamtazama mbuzi. Mbuzi akamtazama yeye.

"Mbuzi huyo wangu," ikasema sauti nyuma yake. "Ukitaka maziwa, omba. Lakini nakuonya, anapiga teke."

Alikuwa Bi Siwatu, mkunga wa mji, mwanamke mfupi mwenye vidole virefu. Hakuna aliyezaliwa mjini pale asiyepokewa na vidole vile.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ulitaka kumla?"

"Hapana, Bibi. Nilitaka kumwiba tu."

"Kumwiba tu! Kwa nini?"

"Nikamatwe. Nirudishwe gerezani. Kule kuna paa."

Bi Siwatu hakusema pole. Aliketi pale pale mavumbini, akafikiri.

"Una siku ngapi hapa mjini?"

"Leo ya sita. Nilipotolewa nilikuja moja kwa moja."

"Ulitolewa na nani?"

"Na askari. Alifungua mlango, akaniambia niende."

"Basi hukutolewa," akasema Bi Siwatu. "Ulifunguliwa. Hata kuku hufunguliwa tunduni. Mtu hutolewa."

Jamaa zangu, kutolewa mnakujua? Mjini pale, mtoto mchanga hukaa ndani siku sita. Ya saba mkunga humtoa nje, akamzungusha mlango kwa mlango, na kila nyumba humpa kitu: yai, kata ya maji, kipande cha ukili wa kushonea mkeka. Akishazungushwa, ni wa mji. Hakuna atakayemwambia nenda kwenu.

"Kesho ni siku yako ya saba," akasema Bi Siwatu. "Oga vizuri. Nitakutoa."

Kulipokucha mji ukasikia vigelegele. Nani kajifungua? Watu wakatoka mbio. Wakamwona Bi Siwatu kamshika mkono mwanamume mzima, kichwa chake kimempita kwa dhiraa nzima, na begani kafungwa kitambaa cheupe cha vichanga. Wakacheka! Kwa, kwa, kwa!

"Bi Mkunga, mbona mtoto wako ana ndevu?"

"Alichelewa kutoka. Mimba ya miaka mitano."

"Ananyonya?" akauliza mama mmoja mfinyanzi.

"Anakula ugali. Na wewe, nilipokutoa ulikuwa umekunja uso hivyo hivyo. Leta zawadi!"

Feruzi alitamani ardhi immeze. Lakini alisikia watu wakiulizana, "Si Feruzi huyu? Feruzi wetu?" Miaka mitano hakuna aliyemwita wake.

Ngo, ngo, ngo! "Hodi! Nimeleta mtoto!" Ngo, ngo, ngo! Nani angevunja mila? Na mtoto mkubwa, zawadi kubwa. Seremala akatoa nguzo mbili. Mfinyanzi akatoa udongo wake mwekundu. Huyu fito, yule makuti, yule kamba. Hadi jua linapanda, rundo sokoni lilikuwa limefika kiunoni.

"Vizuri," akasema Bi Siwatu. "Ajenge wapi?"

"Nguzo zangu achukue," akasema seremala, "ila kwangu mimi nina watoto."

"Na mimi nina mabinti."

"Na mimi nina kuku."

Feruzi akalitazama rundo. Ilikuwa nyumba nzima, isiyo na pa kusimama. Moyo wake ukaanza kumrudia yule mbuzi.

"Umebaki mlango mmoja," akasema Bi Siwatu.

Feruzi akajua ni upi. "Bibi, pale siwezi."

"Mtoto hachagui mlango. Twende."

Ngo, ngo, ngo! Bwana Kitwana akatoka, mikono kaikunja kifuani.

"Bi Siwatu, unanitania? Huyu aliniibia!"

"Najua. Ndiyo maana sikuanza kwako."

Feruzi akainua uso. "Bwana Kitwana, ni kweli nilikuibia. Mtama ule niliula na mama yangu. Kwako siombi kitu. Nimekuja unione."

Kitwana akamtazama kuanzia nyayo hadi ndevu. Kisha akawageukia watu.

"Nyinyi mnamwogopa huyu? Hamkuibiwa hata punje! Mimi niliyeibiwa nisemeje? Miaka mitano nawawazia wezi nisiowajua. Huyu namjua. Ajenge hapa, ubavuni mwa ghala langu. Nikiamka nimwone, naye akiamka anione."

"Unampa au unamchunga?" akauliza Bi Siwatu.

"Ita utakavyo, Bibi."

"Zawadi!" akasema Bi Siwatu, akapiga vigelegele upesi, mtu asije akabadili nia.

Wakajenga siku ile ile. Nguzo: di! di! Udongo ukutani: pwa! pwa! Makuti: kwacha, kwacha! Seremala akaimba, mfinyanzi akakandika, Kitwana akaamrisha kila mtu na hakuna aliyemsikiliza. Tone la kwanza la masika likaanguka juu ya paa, na chini ya paa palikuwa na mtu.

Wiki ya pili Feruzi na Kitwana wakagombana juu ya jogoo, kwa sauti kubwa, kama majirani wote. Bi Siwatu alipowasikia akasema, "Sasa ametoka."

Bi Siwatu alikufa kwa uzee wake, akazikwa na mji mzima aliouzalisha. Mila yake haikuzikwa. Mpaka leo, mtu akimaliza kifungo akarudi mjini pale, hawaulizi alifanya nini. Wanauliza, "Siku yake ya saba ni lini?" Na wanauliza kwa kifua mbele, maana miji mingine haijui kuuliza hivyo.

Kumfungulia mtu gereza ni kazi ya ufunguo mmoja. Kumtoa ni kazi ya mji mzima.

Hadithi yangu ndiyo hiyo, imekomea hapo. Iliyo nzuri ibebeni, iliyo mbaya niachieni mimi.