Tangazo la Dhahabu Juu ya Nyeupe

Wapendwa, fungeni Biblia zenu kidogo, wekeni kidole pale tulipofika. Nawapa mfano, na leo sitawachekesha.

Palikuwa na kanisa moja lililokuwa likijiandaa kwa jubilei ya miaka hamsini. Mnazijua kamati zetu. Wakachagua rangi: nyeupe na dhahabu iliyopauka. Vitenge vya akina mama, keki, mapazia, vyote rangi hiyo. Wakamwita fundi awatengenezee tovuti, nayo wakataka ivae sare: herufi za dhahabu hafifu juu ya ukurasa mweupe.

Fundi akawaeleza kwa upole kwamba herufi lazima zitofautiane sana kwa mwanga na rangi iliyo nyuma yake, na kwamba kuna kipimo: angalau mara nne na nusu. Za kwao hazikufika hata mara mbili. Akawaomba watoke uani na simu zao, wajaribu kusoma juani. Nani atoke? Walikuwa ofisini, mapazia yamefungwa, simu za bei kubwa mikononi, mwanga umepandishwa hadi mwisho. Kila mmoja alisoma bila shida.

"Mzee, basi angalau matangazo tuyaandike kwa nyeusi," fundi akasema.

Mwenyekiti akatikisa kichwa. "Nyeusi ni ya msiba. Jubilei yetu haiandikwi kwa rangi ya msiba."

Wakapiga makofi, wakafunga kikao kwa sala.

Sasa, katika jubilei hiyo walikuwa wamealika madaktari wa macho, waje siku moja tu, wapasue mtoto wa jicho bila malipo. Jumapili mwenyekiti alitangaza kwamba siku yenyewe haijathibitishwa. Ikijulikana, itawekwa kwenye tovuti. Jumatatu ikajulikana kuwa ni Alhamisi. Ikaandikwa siku hiyohiyo, kwa dhahabu hafifu juu ya nyeupe.

Alhamisi madaktari wakaja. Vitanda kumi na vinne vikatandikwa. Wakafika wagonjwa watatu, nao walikuwa wamesomewa tangazo na watoto wao. Saa tisa alasiri madaktari wakafunga masanduku yao, wakaondoka. Na kamati ilisema nini? Ilisema watu wetu hawana shukrani, kitu cha bure hawakitaki. Wakatafuta na mstari wa Maandiko wa kuwasema.

Ijumaa asubuhi akaja mama mmoja, fundi cherehani, akipapasa ukuta kwa kiganja. Jicho lake moja lilikufa zamani. La pili ndilo lililokuwa likiziba, na ni kwa hilo moja alishona, akala. Akauliza madaktari watakuja lini. Mwenyekiti akamjibu kwa ukali kwamba walikuja jana, na tangazo lilikuwepo wazi tangu Jumatatu, yeye alikuwa wapi?

Mama hakukasirika. Natamani angekasirika.

"Nilifungua kila siku, baba," akasema. "Asubuhi na jioni. Nikaona peupe tu. Nikasema bado hawajaandika, wana kazi nyingi, nisiwasumbue. Nikawa nasubiri muandike."

Wapendwa, naona baadhi yenu mnamtafuta mwenyekiti kwa macho. Acheni. Ni sisi. Sisi ndio tunaopima maneno yetu kwa macho yetu wenyewe, mahali petu penye kivuli, kisha tunamlaumu ambaye hayakumfikia. Mara ngapi tumesema, "Sisi tuliwaambia"? Sawa, uliwaambia. Walisoma? Ulitoka nje hata mara moja, ukasimama wanaposimama wao?

Mko humu wenye tovuti za shule, za vikundi, za zahanati. Kabla hujasema umetangaza, mpe simu bibi mwenye macho mabovu, asimame juani, akusomee. Akishindwa, hujatangaza kitu. Na usimwambie avae miwani. Badilisha rangi.

Yule mama alitudhania mema siku nne nzima, jicho lake likizidi kuziba. Na madaktari hawakusema kama watarudi.

Tusimame, tuombe msamaha.