Kivuli Kina Kilo Ngapi?

Usufi haulemei. Jaza kanda zima, mpe mtoto alitwike kutoka kijiji cha Lusangi, atafika akipiga mluzi. Ndiyo maana wahenga, walipotaka kumsuta mtu anayedharau taabu ya mwingine, walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyekaa pembeni huuona mzigo, hauoni uzito. Mzee Zakaria wa Kasongo aliyajua hayo kwa mdomo tangu utotoni. Kwa mgongo aliyajua siku moja tu, tena mbele ya wateja.

Mzee Zakaria alikuwa na duka la kuchapa barua karibu na soko. Ndani mlikuwa na kompyuta moja kuukuu iliyoletwa kutoka Kindu, na karani mmoja, Asma, binti mwenye vidole vyepesi kama rasharasha, aliyemwita mzee papa, yaani baba, kwa heshima. Fundi aliyeiuza kompyuta hiyo alikuwa ameipamba kupita kiasi. Dirisha lilipofunguliwa kwenye kioo chake lilitikisika kama uji. Lilipofungwa, liliungua kama karatasi. Kila kitu kilikuwa na kivuli chake, na nyuma ya vyote waliogelea samaki wekundu. Mzee Zakaria aliigeuza kompyuta itazame mlangoni, akawa anawaita wapita njia: "Karibuni! Mmeona wapi dirisha linalocheza rumba?"

Watu walikuja, wakashangaa, wakaenda zao. Waliobaki kungoja barua waliota mvi.

Asubuhi moja aliingia Mama Benita, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wakulima wa mpunga huko Kabambare. Alikuwa amesafiri siku mbili kwa pikipiki, na matope yalikuwa yamemfika magotini. Akatoa daftari lililofungwa kwenye kipande cha nailoni.

"Binti yangu, humu mna majina mia moja na kumi na mawili," alimwambia Asma. "Shirika moja lenye ofisi hapa mjini limetutengea mashine ya kukoboa mpunga. Wanataka orodha ya kuchapwa, ya mkono hawapokei, na mwisho ni leo saa nane. Tukichelewa, mashine inaenda kwa wengine, sisi tunarudi kwenye vinu."

"Sasa ni saa mbili, mama. Keti. Saa tano haitakukuta hapa."

Ahadi hiyo ilikuwa ya kweli kwa vidole vya Asma, lakini si kwa kompyuta. Alipoandika jina, herufi zilikaa kimya kwanza, kisha zikachomoza moja moja kama kumbikumbi wanaoogopa kuku. Kila alipofungua ukurasa, dirisha lilitikisika weee, na feni ya ndani ikakoroma kama mwenye pumu. Saa tano ilipofika, walikuwa kwenye jina la ishirini na tatu.

"Asma!" Mzee Zakaria alifoka. "Vidole vyako vimelala?"

"Vidole viko macho, papa. Mashine ndiyo iko kwenye ngoma. Nilikuomba tuzime haya mapambo, ukakataa."

"Duka bila pambo ni bibi harusi bila hina! Tena yanamlemea nani, hayo mapambo? Hebu niambie, kivuli kina kilo ngapi?"

Wateja wakaangua kicheko. Asma hakucheka. Aliinuka, akamsogezea mzee kiti.

"Keti wewe, papa. Kama kazi ni nyepesi, tuandikie jina moja tu."

Kurudi nyuma ingekuwa aibu. Mzee Zakaria akakunja mikono ya kanzu, akaketi kama kadhi, akaandika: Cécilia. Kimya. Samaki wakapita. Akaibonyeza herufi ya mwisho tena, na tena, kama mtu anayegonga mlango wa kiziwi. Ghafla kompyuta ikazinduka, ikamwaga herufi a nyingi mpaka ukingoni mwa ukurasa. Alipojaribu kuzifuta, zikaondoka pamoja na majina matatu ya juu.

"Papa, unaniulia wenzangu!" Mama Benita alipiga kelele. "Sisi tunataka kukoboa mpunga, wewe unakoboa watu!"

Duka zima lilicheka. Mzee alijaribu tena, jasho likimtiririka chini ya kofia. Dakika ishirini zilipita, na Cécilia hakuwa amekamilika. Saa sita ilikuwa inakaribia, na kicheko kikafutika usoni mwa Mama Benita.

"Papa, nisikilize. Dereva wangu ameipamba pikipiki: bendera nne, vioo vinane, redio kubwa kama mbuzi. Tulipofika kwenye mlima wa utelezi, mimi ndiye niliyesukuma. Mutu mwenye kusukuma ndiye anajua kama bendera iko na uzito."

Mzee Zakaria akamtazama karani wake. "Kwani vivuli hivi vinakula nini?"

"Vinakula nguvu ile ile ya kuandikia. Kila dirisha likitikisika, mashine inalichora upya, tena na tena. Na kumbukumbu yake ni ndogo, papa. Tumeitwika kazi na ngoma pamoja, kisha tunaitukana."

"Haya, zima," alisema mzee, kwa sauti ya mtu anayeruhusu mbuzi wake achinjwe.

Asma akafungua orodha ya mapambo, akaanza kuondoa alama moja baada ya nyingine.

"Niachie lile la kuungua."

"Linatoka."

"Basi mtikisiko. Kidogo tu!"

"Unatoka."

"Samaki je? Samaki wamekosa nini?"

"Hao ndio walafi wakubwa, papa."

Kioo kikabaki kitupu kama kichwa kilichonyolewa jana. Mzee akageuza uso. Lakini feni ilinyamaza, na Asma alipogusa herufi, ilitokea pale pale. Akagusa nyingine. Kisha vidole vikaachiliwa, na majina yakashuka kama maji ya mto Lwama baada ya mvua. Mzee Zakaria mwenyewe akashika daftari, akasimama akimsomea mpaka sauti ikamkauka. Saa nane kasorobo printa ilitema ukurasa wa mwisho. Mama Benita akaunyakua, akatoka mbio, kitenge kikipepea.

Aliporudi, alitanguliwa na vigelegele. Mkononi alikuwa na nakala yenye mhuri.

"Mashine ni yetu!" alisema, akamkumbatia Asma mpaka miguu ya binti ikaacha sakafu.

Mteja mmoja akanung'unika kwamba kompyuta sasa imekuwa mbaya, haina hata samaki. Mzee Zakaria alikuwa akijikanda vidole vilivyokakamaa kwa jina moja tu.

"Binti yangu, unisamehe," alisema. "Miaka miwili nimekuona umeketi, nikadhani unapumzika."

"Na wewe unisamehe, papa," Asma akajibu akitabasamu. "Ilifaa nikuketishe mapema."

Kwa hakika, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mpaka siku utakapotwikwa wewe.