Nani Apewe Tiara?

Hapo zamani, mji wa Pazwa ulipokuwa bado una ukuta wake na Jumbe wake, aliishi mwanamke jina lake Mwanatumu. Mwenye kukohoa akohoe sasa, maana mwisho wa kisa hiki mtatakiwa kusema, na asiyesikiliza atasema upuuzi.

Mwanatumu alikuwa mjane. Kazi yake ilikuwa kukamua ng'ombe wa Jumbe. Banda la ng'ombe lilipakana na banda la farasi, na farasi wa Jumbe hawakuwa wa kubebea mizigo. Walikuwa farasi wa mbio, wenye nasaba safi, na majina ya baba zao na babu zao yalihifadhiwa kama yanavyohifadhiwa majina ya watu wa ukoo mkubwa.

Basi siku moja farasi jike mmoja akazaa, akafa palepale. Mtoto, jike naye, akabaki kwenye nyasi, mdogo, amelowa, miguu myembamba kama vijiti vya tiara. Msimamizi wa banda akamtazama, akatikisa kichwa.

"Huyu hafiki jioni," akasema. "Mwacheni amfuate mamake."

Mwanatumu alikuwa amesimama na ndoo ya maziwa mkononi. Hakuomba ruhusa. Akachovya vidole katika maziwa, akavitia kinywani mwa yule mtoto. Mtoto akanyonya. Akachovya tena, mtoto akanyonya tena.

"Mama, unamaliza maziwa ya Jumbe," msimamizi akasema.

"Jumbe ana meno," Mwanatumu akajibu. "Leo ale mkate mkavu."

Akambeba hadi kwake, akamlaza ukumbini kwenye mkeka. Akamlisha kwa vidole, kisha kwa kata, kisha kwa ndoo. Majirani wakamcheka, akamlisha. Mvua zikanyesha, ukumbi ukanuka farasi, akamlisha. Akamwita Tiara kwa sababu ya ile miguu.

Tiara akakua. Asubuhi moja akakurupuka, akakatiza uwanja ambapo wanaume walikuwa wakicheza bao. Walipoinua vichwa, amekwisha kupita, nao wakabaki wakiulizana kilichopita ni nini. Habari zikamfikia Jumbe, naye akaja mwenyewe kutazama.

"Huyu ni wangu," akasema, na kweli alikuwa wake. Tiara akafungwa kamba, akarudishwa bandani. Mwanatumu akaushika mlango wake mpaka kamba ilipopinda kona. Mbele ya watu hakulia.

Sasa, kukimbia ni jambo moja na kupandwa ni jambo jingine. Mpanda farasi wa kwanza alitupwa akavunjika mkono. Wa pili alitupwa akavunjika meno. Wa tatu alipanda mara moja tu, akateremka mwenyewe, akaenda kujifunza kushona kofia. Akabaki Shee, kijana mrefu mwembamba ambaye alikuwa hajashinda mbio hata moja, na wenye farasi wote walikuwa wamekwisha kumkataa.

Shee hakuchukua mjeledi. Alikwenda akasimama kando ya Tiara, basi. Kesho yake akasimama tena. Kisha akaweka mkono, kisha akaweka tandiko, kisha akapanda, akatupwa, akapanda, akatupwa. Akaanguka mpaka akaelewa: farasi huyu hapendi kuvutwa hatamu. Ukimshika, anapigana nawe. Ukimwachia, anakwenda.

Akamwachia. Tiara akaenda.

Mbio zake zilikuwa fupi, kutoka lango la mji hadi kisima cha nje. Ukiinama kufunga kiatu, zimekwisha. Akakimbia Pazwa, akashinda. Wakampeleka miji ya kaskazini, akashinda. Wakampeleka miji ya kusini, akashinda. Wakamletea madume yenye vifua kama milango, akayaacha yanakula vumbi. Mara moja tu watu wa Mkunguni, mji wa jirani, walidai mbio ziwe ndefu, za kuzunguka ukuta mzima. Akaongoza mpaka katikati, pumzi zikamwishia, akamaliza wa mwisho, na siku ile alimuuma kila aliyemsogelea. Hakupelekwa tena mbio ndefu. Lakini katika mbio fupi hakuonekana wa kumpita, na watoto wa Pazwa wakawa wanafukuzana vichochoroni, kila mmoja akisema yeye ndiye Tiara.

Halafu ukwato wa mbele ukapasuka. Ulikuwa wakati wa kiangazi, ardhi ngumu kama sahani. Ufa ulianzia chini ukapanda karibu kufika kwenye manyoya. Na desturi ya Pazwa ilikuwa kwamba farasi asiyeweza kusimama huchomwa mkuki, asiteseke.

"Mkuki wa nini?" akafoka Faki. Huyu alikuwa mhunzi wa Jumbe, fundi wa viatu vya farasi, mtu hodari na mgomvi. "Mimi nimekufa?"

Akafua kiatu, hakikufaa. Akafua kingine, hakikufaa. Alipokuwa akipima cha tatu Tiara akampiga teke la goti, na tangu siku ile Faki akawa anatembea upande. Akafungwa goti, akarudi kukaa palepale, akauweka ukwato uleule mapajani. Akafua chuma chembamba kinachoukumbatia ukwato kama mkono unavyokumbatia kikombe. Ufa ukajifunga. Msimu uliofuata Tiara akakimbia, akashinda.

Hapo ndipo lilipokuja jambo lenyewe.

Mvua zilikataa. Chemchemi iliyobaki na maji ilikuwa moja tu, bondeni, kati ya Pazwa na Mkunguni, na haikutosha ng'ombe wa miji miwili. Vijana wakakutana pale na marungu. Kila mji ukazika mtu wake. Majumbe wawili walipoona mikuki inanolewa, wakakaa, wakaapa: washindane farasi, wasishindane watu. Mkunguni walikuwa na farasi wa kijivu waliyemwamini, wakakubali mbio ziwe fupi. Farasi atakayeshinda, mji wake utanywesha bondeni mpaka mvua zirudi. Mji utakaoshindwa utahamisha mifugo yake iende mbali, itakayofika ifike.

Asubuhi ya mbio Mwanatumu alikwenda kumsalimia Tiara, kama alivyofanya kila siku tangu alipochukuliwa. Akaona kitu. Tiara alikuwa akiuweka chini ule mguu wa mbele polepole, kama mtu anayekanyaga sakafu ya moto. Mwanatumu akainama, akaugusa ukwato. Ulikuwa na joto.

Akasimama pale, mkono shingoni mwa Tiara. Aliwafikiria ng'ombe anaowakamua, mbavu nje, viwele vimekauka. Alimfikiria kaka yake, ambaye mwanawe mmoja alikuwa amekwisha kuzikwa kwa ajili ya chemchemi ile, na wa pili alikuwa nyumbani ananoa mkuki. Akasikia watu wanakuja, akatoka, akapita nyuma ya ua. Wakaingia Faki na Shee, na maneno yao akayasikia yote.

"Shee, ufa umefunguka."

"Atakimbia?"

"Kukimbia atakimbia. Kama atasimama baadaye, hilo siahidi."

"Tumwambie Jumbe?"

"Jumbe ana farasi mwingine wa kumpita yule wa kijivu wa Mkunguni?"

Mwanatumu, nyuma ya ua, alimsikia Shee akipumua. Alingoja aseme hapana. Aliomba aseme hapana, ili neno hilo lisitoke kinywani mwake yeye.

"Kaza kiatu, fundi," Shee akasema.

Nyundo ikalia. Mwanatumu alikuwa na miguu ya kuzunguka ule ua, na alikuwa na sauti. Hakuzunguka, wala hakupaza sauti. Alikwenda kusimama kisimani, pale mbio zinapoishia, pamoja na watu wengine.

Miji miwili ilijipanga pande mbili za njia, na hakuna aliyeimba. Kitambaa kikaangushwa.

Tiara akatoka kama aliyesukumwa. Wa kijivu nyuma yake. Pazwa wakapiga kelele, na katikati ya kelele hizo Mwanatumu akaona kitu kinaruka juu, kinameta juani, kinaanguka. Kilikuwa kiatu. Tiara akajikwaa. Wa kijivu akamfikia begani, akamfikia shingoni, akampita kichwa. Sasa Mkunguni ndio waliopiga kelele.

Shee alikuwa na hatamu mkononi. Angevuta, farasi angesimama, na farasi angepona. Kila mtu aliona mikono yake. Mikono ile ikafunguka. Akaziachia hatamu kabisa, akalala shingoni mwa Tiara, akamwachia mwenyewe.

Na Tiara, kwa ukwato uliopasuka, akaenda. Akamfikia wa kijivu shingoni. Akamfikia kichwani. Wakapita kisimani pamoja, na wazee wa miji yote miwili, waliokaa pale kutazama, wakasema neno moja: pua ya Tiara ndiyo iliyotangulia.

Hatua chache mbele akaanguka.

Shee alirushwa vumbini, akabaki amekaa, mikono kichwani. Faki alikuja mbio kwa upande, na kamba na mbao. Lakini msimamizi wa banda alikuwa karibu zaidi, na mkuki alikuwa nao. Aliinua, akakuta chini ya ncha yake si farasi, ni mwanamke. Mwanatumu alikuwa amejilaza juu ya shingo ya Tiara.

"Toka, mama. Mnyama anateseka."

"Sitoki."

"Ni desturi, mama!"

"Basi anza na mimi. Mimi pia nateseka."

Jumbe akainua mkono kumzuia, mkuki ukateremshwa kando. Faki akaufunga mguu. Shee na vijana wakambeba Tiara juu ya turubali. Ng'ombe wa Pazwa wakanywa, wa Mkunguni wakahamishwa wakiwa hai bado wengi wao, na hakuna mwana wa mtu aliyechomwa mkuki. Mwanatumu akarudi kwenye ndoo yake na kumlisha Tiara kwa mkono. Mvua zilipokuja, Tiara akasimama. Alichechemea, lakini alisimama.

Jumbe akawaita watu uwanjani. Mwenyewe ameshika kamba, na mwisho wa kamba ni Tiara.

"Huyu hatakimbia tena," akasema. "Wala sitaki kumfunga katika banda langu, maana kila nikimwona naona haya. Nitampa mtu mmoja, yeye na watoto atakaozaa. Mmoja tu, farasi hagawanywi. Semeni."

Akatoka Shee. "Jumbe wetu, farasi huyu alimtupa kila mtu. Bila mimi angezeeka kwenye nyasi, na jina lake lisingevuka ukuta. Ushindi wote aliupata mimi nikiwa mgongoni. Na pale kiatu kilipotoka, kama ningemvuta, ng'ombe wa Pazwa ndio wangehamishwa. Nipe mimi."

Akatoka Faki. "Jumbe wetu, alipanda nini huyu? Alipanda mguu nilioutengeneza mimi. Ukwato ulipopasuka mlitaka mkuki, nikawapa farasi. Alipoanguka mlitaka mkuki, nikaufunga mguu. Goti langu halikunji, na teke ni lake. Nipe mimi."

Akatoka Mwanatumu. "Jumbe wetu, mguu gani, na mgongo gani? Mlisema hafiki jioni. Aliishi kwa vidole hivi. Na siku ya mkuki, wanaume walikuwa wengi pale. Nililala juu yake mimi."

Watu wakaguna, wakakubali. Wengi walikwisha kumwona ndiye. Lakini Mwanatumu hakurudi kukaa. Alibaki amesimama, akishika upande wa ushungi wake. Hakuna aliyejua. Hakuna ambaye angejua.

"Lipo na jingine," akasema. "Asubuhi ile niliugusa ukwato, ulikuwa na joto. Nikawasikia hawa wawili wanasema ufa umefunguka. Nilikuwa nyuma ya ua. Nikanyamaza."

Faki akaruka. "Wewe mwanamke, ulijua, kisha unajiita mama yake?"

"Na wewe fundi uliyekaza kiatu unajiitaje?" akasema Mwanatumu.

"Mimi nilimwambia aliyepaswa kupanda! Mpandaji ndiye aliyechagua."

Shee akasema, "Nilichagua, ndiyo. Nilichagua mara mbili, bandani na njiani. Lakini mama, kama ungetokea nyuma ya ua ule na kuniambia nisipande, wallahi nisingepanda. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia."

"Nami nilikuwa nangoja wewe useme," Mwanatumu akajibu. "Na kama ungesema hapana, mtoto wa pili wa kaka yangu angekuwa kaburini leo, na wako wengine hapa wangekuwa naye."

Mtu mmoja katika umati akapaza sauti, "Mwachieni farasi achague mwenyewe!"

"Farasi atamfuata mwenye majani mabichi," Jumbe akasema. "Hiyo si hukumu."

Akawatazama wote watatu. Mmoja alimpa uhai, akanyamaza. Mmoja alimpa mguu, akakaza kiatu. Mmoja alimpa jina, akaziachia hatamu. Bila mmoja wao Tiara asingekuwako, na kila mmoja wao alikuwa tayari Tiara afe. Akawageukia watu wa Pazwa, ambao ng'ombe wao walikuwa wameshiba maji na wana wao wako hai, akaona nao wanatazama chini.

Kamba ingali mkononi mwake, imenyooshwa mbele. Mikono mitatu imenyooshwa kuipokea.

Mimi kazi yangu imeishia hapa. Sasa nyinyi mliokaa kimya muda wote huu, hukumuni: je, nani alistahili kupewa kamba ile?